Mshale Uliposhuka, Nilifurahi

Wapo watu wanaoamini kwamba gari la kale ni kama mswada wa kale: ukiuongezea nukta moja, umeuharibu. Watu hawa wana mashindano yao na waamuzi wao, na baadhi yao wanaweza kukutajia rangi ya uzi uliotumiwa kushonea viti vya gari la mwaka wa 1968. Siwacheki, kwa maana mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao. Imani hiyo niliiacha katika mlima ulioko kati ya Salgaa na Mau Summit, usiku, mvua ikinyesha, mwezi wa Aprili mwaka wa 2018. Kilichonifanya niiache ni mshale mmoja mdogo ambao uliniambia ukweli, nami nikausikia visivyo.

Gari lenyewe ni Peugeot 504. Walimu wa rika la marehemu baba yangu hawahitaji kuelezwa uzito wa jina hilo. Gari hili lilizinduliwa Ufaransa mwaka wa 1968, likatawazwa kuwa Gari la Mwaka barani Ulaya mwaka wa 1969, kisha likaja huku kwetu kujipatia sifa ya aina nyingine. Ove Andersson alishinda nalo mbio za Safari Rally mwaka wa 1975, naye Jean-Pierre Nicolas akazishinda mwaka wa 1978 akiendesha 504 ya milango miwili. Hata hivyo, sifa yake kwa wananchi wa kawaida haikutokana na mbio. Ilitokana na matatu za masafa marefu zilizokuwa zikivuka Bonde la Ufa usiku na mchana, na pikapu zilizobeba kabichi leo, ng'ombe kesho, na jeneza kesho kutwa. Baba, aliyekuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, alilinunua lake mwaka wa 1981 likiwa limekwisha kutumika. Alipofariki mwaka wa 2014, mama alinikabidhi ufunguo mbele ya ndugu zangu, akatamka sharti moja tu: "Gari la baba yenu libaki vile alivyoliacha."

Sharti hilo nililishika kwa bidii ya mwanafunzi mgeni. Dashibodi ilikuwa na geji ya petroli, geji ya joto la maji ambayo nambari zake zilikuwa zimefifia kwa jua, na taa ndogo ya oili. Mwenzangu mmoja kazini, mpenzi wa magari, alinishauri mara kadhaa nifunge geji ya presha ya oili pamoja na geji ya joto yenye nambari zinazosomeka. Nilimjibu kwamba siwezi kuitoboa dashibodi ya baba. Nakumbuka hata nilimweleza, kwa lugha ya kitaalamu ambayo leo inanitia haya, kwamba matini hayafai kuongezewa maneno na mhariri asiyekuwa na idhini ya mwandishi.

Hebu kwanza tuitazame hiyo taa ya oili, kwa sababu madereva wengi huitumainia kuliko inavyostahili. Ndani ya injini, krankishafti haipaswi kugusana na beringi zinazoishikilia. Viwili hivyo hutenganishwa na utando mwembamba wa oili inayosukumwa na pampu. Kanuni ya mafundi wa zamani ni kwamba injini iliyopata moto huhitaji presha ya paundi 10 hivi kwa inchi ya mraba kwa kila mizunguko 1,000 ya injini kwa dakika. Swichi ya taa, kwa upande wake, aghalabu husubiri hadi presha ishuke kufikia paundi 5 au 7 ndipo iiwashe. Msomaji na afanye hesabu. Katika mizunguko 3,000 injini inataka paundi 30. Ikipata 20 inaanza kulalamika, ikipata 10 inaumia vibaya. Na muda huo wote taa imezima, dereva anapiga mluzi. Taa hiyo haitangazi ugonjwa. Hutangaza matanga.

Usiku ule nilikuwa natoka Nakuru kuelekea nyumbani kwetu upande wa Webuye. Baada ya Salgaa barabara hupanda, na malori hupanda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Nikauona mshale wa joto la maji nao ukipanda. Hilo halikunishtua, mlima ni mlima. Ulipokaribia eneo jekundu nilipunguza mwendo, nikafungua heta ili isaidie kuondoa joto kwenye injini, kama baba alivyonifundisha. Muda mfupi baadaye, kwa furaha yangu, mshale ukaanza kushuka. Ukashuka hadi katikati, kisha ukapita katikati. Heta nayo, iliyokuwa ikinichoma miguu, ikaanza kutoa hewa baridi, nami nikaihesabu hiyo kuwa neema ya pili. Nikaongeza mwendo, nikayapita malori mawili.

Kilomita chache mbele injini ilianza kugonga kama mtu anayebisha hodi kwa nyundo. Ikapoteza nguvu. Taa ya oili ikawaka kwa sekunde chache, kisha injini ikazima yenyewe, na kukawa kimya isipokuwa mvua juu ya paa.

Gari lilivutwa hadi Nakuru kwa fundi mmoja wa jua kali, mzee wa makamo ambaye alikuwa amezifungua injini za Peugeot tangu ujana wake. Mpira wa chini wa rejeta ulikuwa umepasuka, na maji yote yalikuwa yamemwagika barabarani. Katika giza na mvua sikuona mvuke wowote. Silinda hedi, ambayo katika injini hii hutengenezwa kwa alumini, ilikuwa imepinda. Gasketi ilikuwa imeungua, pistoni zimezikwaruza kuta za silinda, na beringi zimekwisha.

"Imenoki, mwalimu," akasema.

Nikamlalamikia kuhusu geji. Nikasema ilinidanganya, kwamba ilinionyesha injini inapoa wakati injini ilikuwa inaungua. Mzee alijifuta mikono kwa kitambaa, akanitazama kidogo.

"Geji haikukudanganya. Ilikuambia maji yameisha, wewe ukasikia maji yamepoa."

Akanieleza. Kile kidude kinachopima joto hukaa ndani ya njia ya maji, na kazi yake ni kupima joto la kile kinachokigusa. Maji yanapokuwepo, hupima maji. Maji yanapotoka, hubaki kikining'inia hewani na katika mvuke, ambavyo havikipashi joto kama maji yanavyokipasha. Kwa hiyo mshale hushuka ilhali chuma kilicho kando yake kinakaribia kuyeyuka. Heta kutoa hewa baridi ilikuwa shahidi wa pili wa jambo lilo hilo, kwani heta hupata joto lake kutoka kwa maji ya injini. Mashahidi wawili walisimama mbele yangu wakatoa ushahidi mmoja, nami nikawashukuru kwa habari ambayo hawakuitoa.

Nilirudi Nairobi kwa matatu, nikiwa na muda wa kutosha wa kuyatafakari maneno ya yule mzee. Kila mwaka mimi huwafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza nadharia ya ishara. Huwaeleza kwamba Mmarekani Charles Sanders Peirce alitofautisha ishara zinazotegemea mapatano ya watu na zile zinazofungamana na kitu chenyewe kwa uhusiano wa sababu na matokeo. Hizi za pili Waswahili walizijua kabla hajazaliwa, ndiyo maana wakasema dalili ya mvua ni mawingu. Peirce mwenyewe alitoa mfano wa barometa, na wa kile kibati cha juu ya paa kinachogeuzwa na upepo. Geji ya injini imo katika kundi hilo hilo. Mshale hausukumwi na makubaliano. Unasukumwa na joto, au oili, au umeme.

Taa ya onyo, kinyume chake, ina upande mkubwa wa mapatano. Leo tumezoea kwamba nyekundu ni hatari na kijani ni salama, tukadhani mambo yalikuwa hivyo tangu kuumbwa kwa ulimwengu. Mtu aliyewahi kuendesha Volkswagen za mgongo wa kobe za miaka ya hamsini na mwanzoni mwa miaka ya sitini atakumbuka kwamba taa ya kijani katika magari hayo ndiyo iliyoonya kwamba presha ya oili imepotea. Taa nyekundu ilikuwa ya umeme. Na ikiwaka ghafla safarini ilikubidi usimame mara moja, kwa sababu ukanda mmoja ndio uliozungusha jenereta na feni ya kupoza injini. Ukikatika, umeme haupo na hewa ya kupoza haipo. Dereva aliyeisoma taa hiyo kuwa "betri tu, nitafika" aliiunguza injini yake. Ilimbidi ajue yaliyo nyuma ya taa.

Basi kosa langu lilikuwa hilo. Nilidhani mshale ni dalili ya joto la injini. La hasha. Ulikuwa dalili ya joto la kitu chochote kilichokuwa kikikigusa kile kidude. Kati ya maana hizo mbili kuna injini moja ya Peugeot.

Na injini yenyewe haikupatikana tena. Silinda hedi haikuweza kusawazishwa, wala silinda hazikustahili gharama ya kutengenezwa upya. Fundi alitafuta injini nyingine, akaipata kutoka kwa pikapu iliyokuwa imepata ajali, na nambari ya injini katika kitabu cha gari ikabidi ibadilishwe. Yaani ili kipande cha plastiki kisitobolewe matundu mawili, nilipoteza injini aliyoiacha baba. Nilipomweleza mama kwa simu hakunikemea, jambo ambalo lilikuwa zito kuliko kukemewa. Aliniuliza tu kama redio ingali inafanya kazi.

Baada ya hapo nilikwenda Kirinyaga Road, Nairobi, mtaa ambao wazee wangali wanauita Grogan, kutafuta geji. Zipo za kila namna na za kila bei: za zamani za Smiths kutoka Uingereza na VDO kutoka Ujerumani, na mpya nyingi zisizokuwa na asili inayojulikana. Ukiziondolea mapambo, aina zake ni mbili. Zipo zinazosukumwa moja kwa moja na kitu kinachopimwa, na zipo zinazotumia umeme.

Geji ya oili ya aina ya kwanza ni chombo cha ajabu kwa urahisi wake. Ndani yake mna kibomba chembamba cha shaba kilichobapwa na kupindwa mfano wa mundu. Presha ikiingia, kibomba hutaka kunyooka, kama yale makaratasi yaliyokunjwa ambayo watoto huyapuliza katika sherehe. Ncha yake husogea kidogo mno, na vigurudumu vyenye meno huukuza mwendo huo hadi mshale uzunguke. Mbinu hiyo ilipewa hataza mwaka wa 1849 kwa jina la fundi Mfaransa, Eugène Bourdon, na hadi leo imo katika mitungi ya gesi, katika boila na katika pampu za karakana. Nilifurahi kwamba kitu cha kwanza nitakachokiongeza katika gari la Kifaransa ni mbinu ya Mfaransa, ingawa geji yenyewe ilitengenezwa Uingereza na kuandikwa kwa paundi, wakati kitabu cha gari kinazungumza kwa bari. Bari moja ni paundi 14.5. Hata injini ina matatizo yake ya tafsiri.

Na kwa kuwa nimegusia lugha, naomba niteleze kidogo. Sisi husema geji na presha, na sioni sababu ya kuyafukuza maneno hayo. Wenzetu wa Tanzania katika vitabu vya sayansi huandika kanieneo, yaani kani juu ya eneo, neno ambalo limebeba ndani yake fasili nzima ya fizikia. Mshale wa saa nao unalo jina la zamani katika kamusi, akrabu, tulilolipata kwa Waarabu, ambao kwao maana yake ya kwanza ni nge. Kila ninapoutazama mshale wa joto sasa humkumbuka huyo nge.

Tukirejea kwenye kazi yenyewe, geji ya oili ya kibomba ina ubaya wake: huileta oili ya moto hadi ndani ya gari, karibu na miguu ya dereva. Bomba la plastiki likichoka au likikatwa na bati lenye makali, utajuta. Fundi wangu alitumia bomba la shaba, akalizungusha pete mbili karibu na injini ili mtetemeko usilivunje, na kila lilipopita katika ukuta wa injini akalivika mpira. Geji ya joto ya aina hiyo hiyo ina uzi mrefu wa shaba wenye mvuke ndani yake, nao haukatwi wala haukunjwi kwa pembe. Ukikatwa, geji imekufa, hakuna gundi itakayoifufua.

Geji za umeme hazina hatari hizo, lakini zina hila zake. Kidude kinachopima hutegemea kugusana na chuma cha injini ili mkondo wa umeme ukamilike. Mafundi wengi, kwa nia njema ya kuzuia uvujaji, hukizungushia utepe mweupe wa mabomba ya maji. Utepe huo ukizidi hukitenga na chuma, na geji ikaanza kusema mambo yasiyokuwepo. Nimeona mtu akibadilisha pampu ya oili kwa sababu ya utepe.

Kuhusu umeme wa gari, usikubali kufungiwa amita kwa sababu tu ilikuwa ya fahari katika magari ya zamani. Amita ya jadi hupitisha ndani yake karibu mkondo wote unaokwenda na kutoka kwenye betri, kwa hiyo huleta nyaya nene nyuma ya dashibodi, na mwungano mmoja ukilegea hapo ni moto. Voltimita hutosheka na waya mwembamba wenye fyuzi. Betri nzima iliyojaa ikiwa imepumzika huonyesha volti 12.6 hivi, injini ikizunguka na altaneta ikifanya kazi, 13.8 hadi 14.4. Ukiona 12 na inazidi kushuka, unazo dakika za kutafuta kituo cha petroli badala ya kuzimikiwa gizani.

Je, geji mpya ya joto ingeniokoa usiku ule? Hapana. Ningefunga kumi za aina hiyo, zote zingeshuka pamoja. Swali hili ndilo lililonichukua muda mrefu zaidi, na jibu lake lilitoka kwa yule mzee wa Nakuru, si kwangu. Yapo maswali, alisema, ambayo jibu lake ni ndiyo au la. Na yapo ambayo jibu lake ni kiasi gani. "Je, maji yapo?" ni swali la ndiyo au la, na hilo apewe taa. "Oili ina presha kiasi gani?" ni swali la kiasi, na hilo apewe mshale. Watengenezaji wengi waliyageuza: wakaipa oili taa, na maji wakayapa mshale peke yake. Mzee alilehemu tundu katika sehemu ya juu ya rejeta, akatia swichi inayogusa maji. Yakipungua, taa huwaka kabla joto halijaanza kupanda. Geji ya oili nayo akaiunganisha kwa kiungo cha njia tatu, ili taa ya zamani ya baba ibaki mahali pake na iendelee kufanya kazi. Mshale hauna sauti; dereva anayetazama barabara anaweza kuusahau kwa nusu saa. Taa hukuvuta jicho.

Nyinyi walimu wenzangu mtakuwa mmekwisha kuona ninapoelekea, lakini sitakaa huko sana. Tangu mwaka wa 1985 hadi 2023 watoto wetu walimaliza shule ya msingi kwa mtihani mmoja wa KCPE, taa moja iliyowaka mwishoni mwa miaka minane. Sasa tumeambiwa tupime hatua kwa hatua. Vyema, ila geji nyingi mikononi mwa mtu asiyejua kila moja imeguswa na nini zinaweza kushuka zote pamoja, naye akafurahi.

Kuisoma geji kunahitaji pia kujua uko wapi. Ufukweni Mombasa maji yasiyozibwa huchemka kwa digrii 100. Kila ukipanda mita 300 hivi unapoteza digrii moja. Kule Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari, maji hayo huchemka kwa digrii 91 hivi. Mfuniko mzuri wa rejeta huyabana maji na kukurudishia digrii moja na nusu kwa kila paundi ya presha; lakini mfuniko uliochoka, ambao Mombasa ungeishi nao miaka, huko juu hukuachia nafasi ndogo sana, ikizingatiwa kwamba vidhibiti-joto vya injini nyingi za petroli hufunguka kwenye digrii 82 hivi. Digrii 95 za Mombasa na digrii 95 za Timboroa ni nambari moja yenye maana mbili.

Mfano ulio bora zaidi ni geji ya ombwe, ambayo hupima jinsi injini inavyovuta hewa. Nilikuwa nimeinunua kwa udadisi tu. Kitabu chake kilisema injini nzima, ikizunguka polepole, ionyeshe inchi 18 hadi 21. Yangu ilionyesha 14, na mshale ulilala katika sehemu ambayo watengenezaji walikuwa wameiandika kuwa ni ya injini yenye kasoro. Nilikesha siku mbili nikitafuta kasoro hiyo. Kumbe kwa kila mita 300 za mwinuko inapungua inchi moja, na Nairobi iko karibu mita 1,700. Kumi na nne ya Nairobi ni kumi na tisa au ishirini ya pwani. Injini ilikuwa na afya tele; geji ndiyo iliyokuwa haijajua imehamia wapi.

Kwa sababu hiyo nilifanya jambo ambalo ningemshauri kila anayeongeza geji katika gari la kale alifanye. Kwa muda wa miezi mitatu niliandika daftarini: injini baridi, injini yenye moto, tambarare, mlimani, mchana, usiku. Oili ilianza kwenye 60 injini ikiwa baridi, ikatulia kwenye 40 katika mwendo wa safari, na 18 nikiwa nimesimama kwenye foleni. Nambari 18 peke yake haina habari. Habari ni pale inapokuwa 12 katika foleni ile ile, kwa joto lile lile, wiki ifuatayo. Ferdinand de Saussure alilisema hilo kuhusu lugha, kwamba thamani ya neno hutokana na tofauti yake na maneno mengine, na wanafunzi hulikariri bila kuliamini. Siku hizi mimi huwaonyesha daftari la gari.

Wale wa imani yangu ya zamani watasema nimeliharibu gari. Ninawaheshimu, hasa wale ambao magari yao huonekana mara moja kwa mwaka kwenye nyasi za uwanja wa mbio za farasi wa Ngong katika Concours d'Elegance. Lakini gari linalopanda mlima wa Mau si la maonyesho. Hata hivyo sikutoboa kitu. Geji tatu, za oili, joto na volti, zimefungwa katika kibati kinachoning'inia chini ya dashibodi kwa skrubu mbili zilizokuwapo tangu kiwandani. Anayetaka kuliona gari kama lilivyokuwa anahitaji bisibisi na nusu saa.

Mama alilipanda kwa mara ya kwanza baada ya mabadiliko hayo mwezi wa Desemba mwaka wa 2019. Nilimchukua Nakuru alikokuwa amemtembelea dada yangu. Alikaa mbele, akavitazama vile vidude kwa muda bila kusema neno, nami nikingoja hukumu.

"Saa tatu," akasema hatimaye, "na hakuna hata moja inayosema saa."

Nikamweleza. Nilipofika kwenye ile ya kushoto nikasema ni presha, kama ile anayopimwa zahanati. Hiyo aliielewa mara moja, kwa kuwa yake hupimwa kila mwezi, naye huziweka nambari zake kichwani kuliko daktari. Akauliza ya gari inatakiwa iwe ngapi. Nikamwambia arobaini tukiwa katika mwendo huu. Hatukuzungumzia habari hiyo tena. Tulizungumza juu ya mahindi, na juu ya arusi ya binamu yangu.

Tulikuwa tumeipita Timboroa, nikiwa nimekodolea macho lori lililokuwa mbele, aliponigusa mkono.

"Mwanangu, presha ya gari imeshuka. Sasa iko thelathini."

Nikaegesha kando ya barabara, nikainama chini ya dashibodi na tochi. Nati inayoshikilia bomba la shaba nyuma ya geji ilikuwa imelegea, na oili ilikuwa ikidondoka juu ya zulia, tone baada ya tone, karibu na kiatu chake. Kasoro ilikuwa ya kitu nilichokiongeza mimi, si cha baba. Nikaikaza kwa spana, nikapima oili, nikaongeza nusu lita. Injini ilipowaka na tukashika mwendo, mshale ulirudi kwenye arobaini. Mama hakusema kitu, lakini macho yake hayakuondoka hapo mpaka tulipoingia Eldoret.